Kuna Ndugu Mmoja

Nyumba ya Kanisa
4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana najua husomi barua ila umesimama, chupa ya chai kwapani. Sisi huku ni wazima. Wifi yako anakusalimu. Bado anafundisha darasa la kwanza na bado anarudi nyumbani na chaki kwenye nywele. Kijana wetu amevunjika jino la mbele akigombania mpira, na sasa kila akitaja "Shangazi" anapiga mluzi bila kutaka. Mdogo wake anauliza utakuja lini umsuke, kwa sababu anasema mama yake anamvuta nywele kama anang'oa magugu. Bati la jikoni linavuja vilevile. Wazee wa kanisa waliahidi kulibadilisha kabla ya mvua zilizopita, sasa wanasema kabla ya mvua zijazo, na hizo nazo haziko mbali.

Shemeji yangu je? Mara ya mwisho uliandika kwamba lori lake lilikuwa gereji, halafu kimya. Na kanisani unakwenda? Usinijibu kama unavyowajibu wanafunzi wako wa ukunga.

Nilijaribu kukupigia simu ya hospitali. Karani akauliza kama ni dharura. Nikafikiri kidogo, nikasema hapana. Akakata. Ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mchungaji mmoja ninayemfahamu, ameniletea tatizo lake nami nimekosa la kumwambia. Mwishoni mwa mwaka jana nyumba ya waumini wake iliungua, na watoto watatu wa tumbo moja wakafa. Aliwazika wote mchana mmoja. Watu walisema alihubiri vizuri sana. Tangu siku hiyo, akiwa mbele ya watu maombi yanamtoka kama maji ya bomba. Akiwa peke yake hakuna kitu. Anapiga magoti, anafumba macho, anasikiliza saa ya ukutani, anainuka. Mkewe hajamwambia, kwa sababu mkewe naye anamwegemea yeye. Wazee wa kanisa hawezi kuwaambia, maana ndio wanaoandika taarifa kwa mkuu wa jimbo. Kila mtu aliye karibu naye ama yuko chini yake anamtegemea, ama yuko juu yake anampima. Wa kusimama naye bega kwa bega hana.

Wewe umekaa na watu wenye maumivu miaka mingi. Mtu kama huyo aende kwa nani? Ni swali tu, kwa faida ya huyo ndugu.

Mdogo wako.

*

Wodi ya Wazazi
27 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Nimeisoma nimesimama, lakini chai ilikuwa mkononi, si kwapani, usinizeeshe. Mwambie huyo mchezaji wako asichezee pengo kwa ulimi. Msichana nitamsuka nikija. Kwa sasa mama yake ampake mafuta kwanza, na achane kuanzia ncha, si kwenye shina. Binti yangu yuko chuoni, anaandika akitaka kitu. Miguu yangu inavimba jioni, ndiyo ada ya kazi ya kusimama, usinitumie dawa. Mvua huku hakuna.

Sasa huyo mchungaji unayemfahamu. Unakumbuka maziwa ya Mama yaliyokuwa yakiwekwa juu ya kabati? Siku ile sufuria ilikutwa tupu, na wewe, ukiwa na masharubu meupe, ukasema, "Kuna paka mmoja amepita hapa." Hatukuwa na paka. Mtaa mzima haukuwa na paka, kwa ajili ya mbwa wa jirani. Baba alicheka mpaka akasahau kukuchapa. Basi mwambie huyo paka kwamba dada yake anamsalimu, na anampa pole ya watoto wale watatu. Sikujua. Desemba uliniandikia kurasa mbili, zote habari za kwaya.

Mimi si mchungaji, kwa hiyo nitakuambia tu tunachofanya sisi. Wodini kwetu mtoto akifa, au mama, kazi haisimami, kwa sababu wa kitanda cha pili naye anasukuma. Lakini zamu ikiisha, waliokuwapo huenda stoo ya mashuka. Ni utaratibu wa Mama Mkuu, msimamizi wetu. Unavua viatu unaviacha nje ya mlango. Mtu akiona viatu vimejipanga pale, hata awe daktari, hagongi. Anakwenda kutafuta shuka kwingine. Ndani tunakaa juu ya marobota. Hakuna kushauriana. Hakuna kusema "mapenzi ya Mungu," nisamehe, Mchungaji. Na anayesema, anasema "mimi." Hasemi "mtu anaweza kuchoka," wala "sisi wakunga tuna shida." Ukianza hivyo Mama Mkuu anakukatiza: "Nani?" Unasema, "Mimi." "Haya, endelea." Kuna siku alinikatiza na kunikatiza mpaka nikataka kumrushia mto. Halafu nikalia. Halafu nikaenda nyumbani nikalala.

Haitibu kitu. Aliyekufa hafufuki. Lakini unatoka mle ndani mzigo umeshikwa upande wa pili.

Ulijua sala zote za Baba kabla hujajua kuvaa kaptula, ndiyo maana tukakuita Kasuku. Labda kasuku amechoka kuimba vya wengine. Tafuta wakunga wako. Si mkubwa wako wa kazi, si mkeo, wala si mimi. Mimi nitakutetea hata ukiwa umekosea. Tafuta mtu ambaye naye anazika.

Dada yako.

*

Nyumba ya Kanisa
2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika na doa la chai, kwa hiyo nimeamini kila neno. Wifi yako alinisikia nikicheka peke yangu jikoni, akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia ni habari za maziwa ya zamani. Amechana nywele kuanzia ncha; msichana anasema wewe ndiye daktari wa kweli. Jino la kijana limebaki pengo, mluzi umekuwa kipaji, anauombea nafasi kwenye kwaya. Bati bado.

Umenieleza miguu yako, umenieleza mvua ambayo haipo. Shemeji hukumtaja, wala kanisa. Nimeona.

Haya. Paka ni mimi.

Nilianza kwa mkuu wa jimbo, ingawa ulinikataza. Nilidhani kwa kuwa naye alikuwa na kanisa zamani, atakumbuka. Ofisini kwake kuna viti vya ngozi na viti vya plastiki. Akasema karibu ukae, nikatazama ngozi, nikakaa plastiki. Nikamwambia nimechoka. Akasema, "Mwenzangu, hata mimi nimechoka," na moyo wangu ukaruka nikadhani nimefika. Kumbe alikuwa amechoka na gari la jimbo ambalo halina tairi la akiba. Tulilizungumza tairi hilo mpaka chai ikapoa. Mwishoni akaniuliza kama aniandikie uhamisho, kana kwamba watoto wale wako kwenye kuta za nyumba ninayokaa, na nikihama watabaki. Akanipa kijitabu cha mahubiri yake. Amekitia sahihi.

Nikabakiwa na Umoja wetu. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi wachungaji wa makanisa yote ya mji tunakutana katika ukumbi mmoja. Viti hupangwa duara ili tuonekane sawa, isipokuwa kiti cha mwenyekiti kina mto. Kwanza ni habari za kazi: huyu amebatiza, yule ameezeka. Kisha ni maombi ya wenzetu, kila mmoja kwa zamu. Na hapo, Dada, ndipo nilipogundua kwamba mji huu una paka wengi. Hakuna anayejitaja. "Kuna ndugu mmoja anasumbuliwa na mwanawe wa kiume." Sote tunamjua huyo mwana, alikuja harusini amelewa akataka kuhutubia. "Kuna ndugu mmoja hasikilizani na wazee wake." Tunafumba macho, tunamwombea huyo ndugu, na mwenye ndugu anaitika amina kuliko wote. Ndiyo adabu tuliyofundishwa, mchungaji hajitangazi.

Nilikuwa nimejiandaa kusema "mimi." Nililirudiarudia njiani kama kijana anayekwenda kuposa. Aliyekaa kabla yangu alikuwa Mchungaji Baiskeli. Sijawahi kukuandikia habari zake. Ana kanisa dogo ng'ambo ya mto, na kila mahali anakwenda kwa baiskeli ambayo kengele yake haifanyi kazi, kwa hiyo akikaribia watu anaimba ili wampishe. Mcheshi sana. Siku hiyo alisema, "Kuna ndugu mmoja, kila akirudi kutoka kutembelea wagonjwa, anasimama darajani anatazama maji. Hajui anatafuta nini. Mkumbukeni." Mwenyekiti akatazama saa, akasema muda umetutupa mkono, akamwombea ndugu huyo pamoja na wote walio safarini, tukafunga. Zamu yangu haikufika. Kusema kweli, nilishukuru.

Nje Baiskeli alisimama karibu yangu akifunga mguu wa suruali kwa kipande cha mpira usije ukaliwa na mnyororo. Akauliza, "Unaelekea wapi?"

Nikasema, "Nyumbani. Nina ubatizo Jumapili, nikajiandae."

Akasema, "Haya. Usiwazamishe watoto wa watu."

Tukacheka, akaondoka anaimba.

Kwa hiyo stoo ya mashuka sijaiona. Huku kila mtu analeta shuka la mwenzake. Mwezi ujao nitajaribu tena.

Mdogo wako, Kasuku.

*

Wodi ya Wazazi
19 Aprili

Kasuku wangu,

Marahaba. Salamu zenu zote nimezipokea, zangu zitafuata.

Huyo ndugu wa darajani ni nani? Nimesoma barua yako, nikairudia, nikitafuta mahali ulipomuuliza. Umeniandikia suruali yake, umeniandikia utani wake. Mtu anayekuuliza "unaelekea wapi" baada ya maneno kama yale alikuwa anatafuta wa kuvuka naye daraja. Na wewe ukamwambia una ubatizo.

Ukipata barua hii nenda kwake, hata kama una sabuni mwilini. Usimwombee. Usimpe andiko. Muulize, "Ni wewe?" Halafu unyamaze.

Barua hii nampa dereva wa gari la dawa anayepita mji wenu kesho, maana posta yenu naijua. Nimemwambia aiache mkononi mwako.

Dada.

*

Nyumba ya Kanisa
21 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Watoto wazima, wifi yako mzima. Leo sitaandika zaidi juu yao.

Dereva wako alinikosa, nilikuwa mazikoni. Akaiacha barua ofisi ya kanisa. Katibu wetu akaona muhuri wa hospitali, akadhani ni ya kiofisi, na barua za kiofisi huwa anaziweka kwenye jalada mpaka kikao cha wazee, zifunguliwe mbele ya wote. Ndio utaratibu wetu, nami ndiye niliyeuanzisha, ili mtu asiseme mchungaji anaficha mambo. Kikao kilikuwa katikati ya Mei. Akafungua, akasoma kwa sauti, "Kasuku wangu, marahaba." Mzee mmoja akaangua kicheko. Nikampokonya. Niliisoma chini ya meza huku wakijadili bati.

Wakati huo Baiskeli alikuwa ameshalazwa.

Ilikuwa Jumapili. Baada ya ibada hakurudi nyumbani. Wachimba mchanga walimkuta amekwama kwenye magogo chini ya daraja, wakamtoa, hai. Baiskeli ilikuwa juu, imeegeshwa vizuri kwenye ukingo, imefungwa kufuli. Hilo kufuli ndilo limenikaa kooni. Mtu aliyeamua kwamba harudi, bado alijali isiibwe.

Umoja wetu ulikwenda kumwona, wote kwa pamoja, na suti. Tulikizunguka kitanda, tukaimba. Yeye alitazama ukuta. Mwenyekiti akatoa neno juu ya Yona. Naapa, Dada, Yona. Mke wa Baiskeli ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Akasimama akasema, "Baba zangu, asanteni. Sasa tokeni."

Mwenyekiti akasema, "Mama, tufunge kwa sala."

Akasema, "Aliwaambia. Siku ile ya mkutano wenu alirudi nyumbani akaniambia, 'Nimewaambia.' Alikula vizuri. Alidhani mmesikia."

Hakuna aliyefunga kwa sala.

Nje, kwenye maegesho, mwenyekiti alisema, "Lakini si alisema kuna ndugu mmoja? Tungejuaje?" Wote wakaitikia, kweli, tungejuaje. Na mimi nikatikisa kichwa pamoja nao, mimi niliyekuandikia wewe kwamba kuna mchungaji mmoja, ukanijua kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Umoja umeunda kamati ya faraja. Ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mimi ndiye katibu. Nilifungua mdomo kukataa nikasikia nashukuru kwa kuaminiwa.

Mbele ya watu bado naomba vizuri. Jana nilimwombea mgonjwa mpaka mama yake akalia kwa faraja. Nilirudi nyumbani nikapiga magoti nikasikiliza saa. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako.

*

Wodi ya Wazazi
10 Juni

Kasuku wangu,

Marahaba. Mkumbatie wifi, na watoto. Binti yangu ameandika, anataka viatu.

Pole. Sitakugombeza, umeshajigombeza vya kutosha, tena kwa mwandiko mzuri.

Nenda kwake peke yako, bila suti. Usipeleke Biblia wala machungwa. Vua viatu mlangoni, ukae. Akitazama ukuta, nawe utazame. Ukishindwa kukaa, mwambie umeshindwa, uondoke, urudi kesho. Na usiende kutubu. Mtu amelala kitandani, asiongezewe kazi ya kukusamehe.

Huku kazi ni ileile. Mama Mkuu alistaafu mwaka jana, nadhani sikukuambia. Msimamizi mpya ni kijana msafi, anapenda mpangilio. Stoo ameifanya chumba cha dawa, ina kufuli, na mashuka siku hizi yanaletwa kwa toroli. Kwa hiyo niliyokuandikia Februari ni mambo ya zamani. Sijui kwa nini niliyaandika kana kwamba bado yapo. Siku hizi zamu ikiisha kila mtu anakimbilia gari.

Kuna mkunga mmoja hapa, wa siku nyingi. Mwezi uliopita mama aliyejifungua alimfia mikononi kwa kutokwa damu, na mtoto naye akamfuata. Hakukosea, wamechunguza wakasema hakukosea. Sasa kila siku akifika anakaa kwanza kwenye benchi la wagonjwa wa nje, katikati ya wanaosubiri kuitwa, mpaka zamu ianze. Watu wanadhani anaumwa. Atazoea, ni mtu mzima.

Shemeji yako mzima. Mwambie msichana nitamsuka Desemba.

Dada yako.

*

Nyumba ya Kanisa
3 Julai

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Hatimaye wazee wamebadilisha bati. Wamebadilisha lile lisilovuja.

Nilikwenda kwa Baiskeli, peke yangu, nikavua viatu mlangoni. Muuguzi akanigombeza kwamba sakafu imetiwa dawa. Nikaingia hivyohivyo, soksi yangu ina tundu, kidole kinachungulia. Tulitazama ukuta. Siku ya pili hivyohivyo. Ule ukuta nimeujua. Kuna mahali rangi imebanduka, pana umbo la sikio. Siku nyingine nilishindwa, nikamwambia nimeshindwa, nikaondoka, nikarudi kesho yake kama ulivyosema. Mkewe hanisemeshi, lakini hanifukuzi. Anashona vifungo kwenye sare, na sindano ikimdondoka naiokota.

Wiki iliyopita Baiskeli alitazama miguu yangu, akasema, "Mchungaji mzima, kidole nje."

Nikacheka, halafu nikaogopa kwamba nimecheka.

Akasema, "Yule ndugu alikuwa mimi."

Nikasema, "Najua."

Akasema, "Sasa unajua." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuishika.

Najua ulinikataza kutubu, na sikutubu. Yeye ndiye aliyeuliza, "Na wewe kila siku unakuja unakaa tu, mbona huombi?" Nikasema, "Mimi siwezi." Akauliza tangu lini. Nikamwambia habari za watoto wale. Alitazama ukuta, nami nikautazama, na baadaye akasema, "Basi tuko wawili, na hakuna anayejua kitu." Nikaitika amina bila kukusudia. Mkewe akainua uso kutoka kwenye vifungo, akatutazama kama watoto waliopotea sokoni.

Ndiyo hivyo. Sijapona, naye hajapona. Mkuu wa jimbo ameandika barua ya kumpumzisha kazi. Nyumba waiache ifikapo mwisho wa mwezi. Kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati ya faraja, nimepewa mimi nimpelekee. Kila nikienda ninayo mfukoni, na kila nikirudi ninayo mfukoni.

Lakini leo sikuandikii kwa ajili ya hayo.

Huyo mkunga mmoja ni nani? Nilisoma hapo nimesimama, nikaiweka barua juu ya kabati, nikarudi, nikaichukua tena. Hospitali yenu ina paka, Dada? Umeniambia shemeji mzima. Hukuniambia yuko wapi. Umeniandikia stoo iliyofungwa mwaka jana kana kwamba umetoka humo asubuhi. Na mimi nilikuwa nasoma nikitafuta dawa yangu tu.

Ni wewe?

Nitaomba ruhusa kwa wazee Jumapili. Wakikataa nitakuja bila ruhusa. Siji na neno, sina.

Mdogo wako.

*

Nyumba za Wafanyakazi, nyuma ya hospitali
18 Julai

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nikaona nikikutumia karatasi yenye maneno mawili utakodi ndege.

Mimi ndiye ninayekaa kwenye benchi. Mimi ndiye ambaye yule mama alinishika mkono akasema usiniache, nikasema siendi popote, na yeye ndiye aliyekwenda. Mimi shemeji yako ameniacha. Lori lilipotoka gereji lilielekea kwingine, ana nyumba nyingine huko. Nimejua tangu mwaka jana, na binti yangu hajui. Mimi sijaingia kanisani tangu wakati huo, kwa sababu mchungaji wetu angeniuliza hali mlangoni na ningemjibu nzuri, na yeye angefurahi. Ninapokuandikia hivi namsikia Mama Mkuu: "Nani?" Mimi, Mama. Mimi, mimi.

Nilipoandika "kuna mkunga mmoja" sikuwa nafanya ujanja. Kalamu ilijiendea yenyewe. Kwa hiyo huyo mwenzako wa baiskeli naye hakuwafumbia fumbo. Ndivyo jambo linavyotoka kwa mara ya kwanza, limevaa nguo za mtu mwingine. Usimlaumu. Na wewe ulichelewa kusikia, lakini mimi sikusema, kwa hiyo tugawane.

Nataka ujue kabla hujapanda basi kwamba hutaweza kunisaidia. Yule mama humrudishi. Shemeji yako humrudishi, na huyo hata mimi simtaki. Kuniombea huwezi, umesema mwenyewe. Wewe si mkunga, mimi si mchungaji, na kila mmoja wetu anamhitaji mtu wa kazi yake ambaye hayupo. Nilikuandikia utafute mtu anayezika kama wewe. Umempata akiwa kitandani. Mimi wangu amestaafu, nasikia masikio yameziba, anacheka watu wakimwambia habari za misiba kwa sababu anadhani ni salamu. Nilikwenda kumwona. Alinishika mikono yote miwili akacheka.

Nimeandika "usije," nikafuta. Utaona doa, na safari hii si chai.

Barua iliyo mfukoni mwako mpe mwenyewe. Lakini mpe ukiwa umekaa, na ukishampa usiinuke.

Wifi na watoto nawasalimu, niliwasahau pale juu. Kama shule zimefungwa mlete msichana, nimsuke. Hilo bado naliweza, nimejaribu, mikono haitetemeki nikishika nywele.

Kama nitakuwa zamu, ningoje kwenye benchi la wagonjwa wa nje, wamezoea kuona mtu amekaa hapo. Kama si zamu, pita nyuma, nyumba ya mwisho kabla ya ukuta. Utaona viatu vyangu nje ya mlango. Naviacha hapo kila jioni. Majirani wanasema mkunga anapenda usafi. Hakuna aliyewahi kuweka vyake kando.

Usigonge. Vua vyako, ingia.

Dada yako.